Nilimshuku mama mkwe kwa kuua coral yangu hapa Embu, na ushahidi wa video nilikuwa nao

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi humu ni msomaji zaidi ya mwandishi, wengi mnaniona tu kwa likes. Lakini hii imenikaa kooni miezi kadhaa na leo naitoa. Majina nimebadilisha. Mengine yote yalitokea kama nitakavyoyaandika, hata pale yanaponiaibisha.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa aina gani.

Nimezaliwa Meru town, nimelelewa kwa nyumba za kupanga, mzee wangu alikuwa karani. Sasa naishi Embu, mtaa wa Dallas, na kazi yangu ni ukaguzi. Naingia kwa stoo za watu kuangalia kama kile wanachosema kipo, kipo kweli. Kwa kifupi, nalipwa mshahara ili nisiamini mtu. Na tabia hiyo haibaki ofisini saa kumi na moja ikifika. Mke wangu Wawira ameniambia hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

La pili, nafuga bahari.

Ndiyo, hapa hapa Embu, mlimani. Sebuleni niko na tank ya glasi yenye maji ya chumvi, samaki wawili wa rangi ya machungwa, konokono wa kula uchafu, na coral. Kwa wasiojua, coral ndiyo matumbawe ya baharini. Wageni wakija huuliza kama ni jiwe ama ni mmea. Ni mnyama, tena mnyama wa madeko. Joto likishuka anaumwa, chumvi ikizidi anaumwa, ukimtazama vibaya anaumwa.

Yangu nilinunua Nairobi kwa mfugaji mwenye kibali. Ilikuwa kipande kama kidole gumba, rangi ya waridi, kimegandishwa kwa kijiwe. Miaka mitatu nimeilea mpaka ikawa kichaka cha kujaza mikono miwili. Mnajua baridi ya Julai huku kwetu. Stima ikipotea, heater inazima, na mimi nafunika tank na blanketi ya kitandani. Wawira analala na shuka na koti. Nawaambia haya ili muelewe kwamba ilipoanza kufa, sikuwa na akili za mtu wa kawaida.

Sasa twende pole pole.

Mama mkwe wangu anaishi Kianjokoma, ana shamba la kahawa na ng'ombe wawili. Mwaka huu goti lilimsumbua, daktari akasema afanyiwe mazoezi hospitali hapa mjini kwa wiki mbili. Wawira akasema mama atakaa kwetu. Mimi nikasema sawa.

Sawa yangu ilikuwa ya mdomo.

Shida haikuwa chuki. Shida ni kwamba mama huyu ni wa ile heshima ya zamani, ile kwetu Meru tunaita nthoni. Mimi na yeye hatuongei moja kwa moja. Hatuketi chumba kimoja. Nikitaka kumwambia kitu namwambia Wawira, na yeye akitaka kuniambia kitu anamwambia Wawira, hata kama niko hapo mlangoni nasikia. Miaka saba ya ndoa, sijawahi kupokea neno kutoka mdomo wake likiwa limeelekezwa kwangu. Vijana wa siku hizi wengi wameacha hii mambo. Yeye hajaacha, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza kumvunjia.

Siku ya kumchukua nilienda na gari. Wakati Wawira na mama wanafunga mizigo ya ndizi na maziwa, mimi nikazunguka nyuma ya nyumba kunyoosha miguu. Ndoo yangu ya kuchanganyia maji ya tank ilikuwa imepasuka wiki hiyo. Nikaona mtungi wa lita ishirini umepinduliwa juu ya nguzo ya ua kule karibu na kahawa, mzito, wa plastiki nzuri. Nikausuuza mara mbili, nikaujaza maji ya mvua kutoka kwa tangi lao, nikautia kwa boot. Maji ya mvua ya huko juu ni dhahabu kwa mtu wa coral, hayana dawa ya mfereji. Kuuliza sikuuliza, kwa sababu ningemuuliza nani? Tukarudi Embu, na kesho yake nikaitia tank hayo maji na chumvi yake.

Siku ya nne tangu mama afike, coral haikufungua.

Kawaida mchana inatoa vidole vidogo vidogo kila mahali, inaonekana kama ina manyoya. Siku hiyo ilikuwa tupu, kipara. Nikapima joto, nikapima chumvi, sawa. Siku ya tano chini kwenye shina kukawa na doa jeupe. Jeupe kwa coral ni mfupa, maana yake nyama imeoza ikatoka.

Nikafanya vile vitabu vinasema, nikabadilisha maji tena. Nikachanganya maji mapya kwa ule mtungi na nikayamwaga. Doa likapanda.

Siku ya sita nilitoka kazini nikakuta tawi moja limevunjika.

Halijaanguka tu chini. Limevunjika, halafu limechomekwa wima kwa ufa wa jiwe upande ule mwingine wa tank, kama mtu amepanda matembere.

Wakuu, nilisimama pale na begi mgongoni. Nyumba hii mchana ina mtu mmoja. Wawira ana duka lake mjini, mimi niko kazini. Mtu mmoja tu, mwenye goti bovu, anayekaa kwa kiti sebuleni kutwa nzima, futi mbili kutoka kwa tank.

Nikamwambia Wawira, "Muulize mama kama ameshika kitu huku."

Akaenda jikoni, nikasikia wakiongea Kiembu chini chini. Mimi ni Mmeru, Kiembu nashika, lakini wakitaka nisishike wanajua kukimbia nacho. Akarudi. "Anasema konokono zako ni wagonjwa."

"Mimi nimeuliza coral."

"Na yeye amejibu konokono. Mnataka nifanye nini?"

Hapo ndipo shetani wa ukaguzi aliamka. Mtu ukimuuliza kitu kimoja akajibu kingine, kazini kwangu hiyo tunaanza kufungua faili.

Asubuhi iliyofuata nilichukua simu yangu ya zamani, ile ina ufa kwa kioo, nikaweka app ya kurekodi kila kitu kinapotembea mbele ya kamera. Sauti nikazima ili isijae haraka. Nikaisimamisha kwa rafu kati ya Biblia na redio, macho kwa tank. Nikaenda kazini.

Ndiyo, nimerekodi mama mkwe. Nitukaneni baadaye, mimi nishajitukana.

Jioni nikajifungia bafuni kuangalia. Clip ya kwanza, mama anavuta kiti. Clip ya pili, amekaa, anatazama samaki. Clip ya tatu ndiyo hii.

Mama ameinuka na fimbo yake. Mkono mwingine ameshika kikombe. Akageuka, akaangalia moja kwa moja kwa simu, akainua kikombe juu kidogo, kama mtu anayekuonyesha. Halafu akafungua kifuniko cha tank na kumwaga kile kilichokuwa ndani.

Niliirudia mara tano. Ile kuangalia kamera ndiyo ilinimaliza. Mtu anafanya kitu na anakuonyesha kwamba anafanya, na anajua huwezi kumuuliza.

Siku ya pili tena, kikombe. Na safari hii akaingiza kijiko cha mti, akatoa konokono, akamwinua mbele ya simu, midomo inacheza, anaongea peke yake. Akamrudisha ndani. Wakuu mnajua akili ikianza kutafuta haikosi kupata. Mimi ni mtu wa kanisa lakini siku hiyo niliwaza mambo ambayo sitayaandika hapa.

Nikamwonyesha Wawira.

Aliangalia mpaka mwisho. Nilitegemea aseme kuhusu kikombe. Akasema, "Umemwekea mama yangu kamera?"

"Angalia anachofanya."

"Nimeona anachofanya. Nauliza wewe umefanya nini."

Hatukula pamoja siku hiyo. Sijui alimwambia mama nini, lakini kesho yake asubuhi mama alisema goti limepata nafuu, anataka kwenda kuangalia ng'ombe. Wiki ya pili ya mazoezi ilikuwa haijaisha. Wawira akafunga duka akamsindikiza. Alipopita mlangoni mama aliangalia tank, si mimi. Mke wangu kwa siku tatu alinipa majibu ya ndiyo na hapana pekee.

Nikajiambia si neno, ukweli una gharama yake. Sasa coral itapona.

Haikupona. Doa lilipanda mpaka katikati. Konokono walikuwa wanaanguka kutoka kwa glasi, wanalala chali, hawawezi kujigeuza. Samaki wazima kabisa, wanaogelea kama hakuna jambo.

Jumamosi nikatia maji ya tank kwa chupa ya soda nikaenda Meru kwa rafiki yangu Kirimi. Kirimi anafundisha kemia shule moja huko, na ni mtu pekee ninayemjua upande wote huu wa mlima ambaye pia anafuga coral.

Akanisikiliza. "Samaki wako sawa?"

"Sawa."

"Konokono?"

"Wamebaki watatu."

Akatoa vichupa vyake, akatia matone kwa maji yangu, akatikisa. Maji yakageuka bluu. Si bluu ya kubahatisha.

"Hii ni copper," akasema. "Shaba. Samaki anavumilia kidogo, konokono na coral hawavumilii hata tone. Heater yako imeoza? Kuna waya umeingia ndani?"

"Hapana."

"Basi kuna mtu ameleta. Hapo kwako kuna mtu wa kahawa? Ile dawa ya bluu ya kupuliza majani ni copper tupu."

Kirimi akaniangalia, akasema ule msemo wa kikulacho, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Kumbe sikuwa mwendawazimu. Mama ana shamba la kahawa, kahawa ina dawa ya bluu, na mama ana kikombe. Kutoka Meru mpaka Embu nilikuwa napanga maneno kama wakili. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa tamu, wacha niseme ukweli, kwa sababu nilikuwa nimepatikana na haki.

Nikamwambia Wawira matokeo ya Kirimi. Akaenda akazima redio. Halafu akasema, "Twende Kianjokoma kesho baada ya kanisa. Utasema mbele yangu. Na kama si yeye, Mutwiri, sijui tutarudi vipi kwa hii nyumba tukiwa wawili."

Hapo nilielewa kwamba si coral tena iliyokuwa inakufa. Lakini nilikuwa na kile kipimo cha bluu. Sikurudi nyuma.

Jumapili tukaenda. Na hapa kuna kitu cha kuchekesha ambacho hakinichekeshi. Ule mtungi niliubeba. Nilikuwa naenda kumshtaki mama wa watu, na bado nilipanga kujaza maji yake ya mvua nikimaliza.

Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa jikoni, ameelekeza bega kwetu vile heshima inataka. Mimi nikapewa kiti nje chini ya paa. Chai ikaja. Wawira akasema ngoja nitoe sukari na mkate kwa gari, halafu tuongee. Akafungua boot.

Mama aligeuza shingo. Akasema kwa Kiembu, na hii niliishika neno kwa neno:

"Wawira, si huo ni mtungi wangu wa dawa? Nimeutafuta tangu nitoke huko kwenu. Mchanganyaji wa dawa alikuja tukakosa cha kuchanganyia."

Wawira akasimama na sukari mkononi. "Mtungi upi?"

"Huo. Huwa uko kwa nguzo ya kahawa. Mtungi wa dawa haulali na mitungi ya maji, si unajua. Hata ukiuosha na sabuni siku mbili dawa haitoki."

Wawira ni mtoto wa kahawa. Akautoa, akaugeuza mdomo kwa jua. Ndani ya shingo, pale kifuniko kinapojifunga, kulikuwa na pete ya bluu ya kijani. Mimi ile pete niliiona siku ya kwanza. Nilidhani ni ukungu wa maji.

Akaniangalia. "Ulichota maji na hii?"

Wakuu, nilitafuta mtu mwingine wa kumlaumu pale nje nikakosa. Kulikuwa na ng'ombe wawili tu. Kila mara coral ilipozidiwa nilibadilisha maji, na kila nilipobadilisha nilikuwa naiongezea sumu. Ugonjwa haukuja na mama. Ulikuja na mtungi, na wote wawili niliwaleta mimi kwa gari moja.

Nilisimama. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba niliongea na mama mkwe bila kupitia kwa mtu. Nikasema, "Mama, nilichukua mtungi bila kuuliza. Wanyama niliwaua mimi. Na nilikuja leo kusema ni wewe. Nisamehe."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mama hakugeuka. Alimaliza kikombe chake cha chai. Kisha akamwambia Wawira, "Mwambie tawi moja nilivunja mimi. Nilikuwa nageuza konokono na kijiko, mkono wa sweta ukashika. Nikalipanda kando nikaona huenda likashika. Hilo nakubali."

Mtu amekubali kosa dogo ambalo siku hiyo hakuna aliyemuuliza. Mimi mkaguzi nilikuwa nimeficha kubwa bila hata kujua ninalo.

"Na mwambie," akaendelea, "kahawa ikishikwa hivyo hatuombolezi juu yake. Tunakata penye uhai, tunatupa pale pamekufa, tunaacha iote upya. Amekata?"

Sikuwa nimekata. Nilikuwa naogopa kuiumiza.

Wakati tunaondoka Wawira akauliza kile ambacho mimi singethubutu. "Mama, na kile kikombe?"

"Maji yangu ya kunywa, ya kuchemsha. Maji ya samaki yalikuwa yamepungua chini ya ule mstari aliochora kwenye glasi. Nikaongeza."

"Na mbona ulikuwa unaangalia simu?"

Mama akacheka kidogo, ile ya puani.

"Niliiona siku ya kwanza, imewekwa kando ya Biblia. Nikasema mkwe wangu ni mtu mwerevu. Mimi na yeye hatuwezi kuongea, basi ametafuta njia. Nikamwonyesha kikombe kwanza ili ajue ni maji. Nikamwonyesha konokono, nikamwambia hawa wanaanguka chali, kuna dawa imeingia mahali, kuku wangu walifanya hivyo hivyo walipokunywa kwa mtungi wa kahawa. Nilimwambia siku mbili. Nikaona hajibu, nikajua amekasirika."

Sikuweza kuendesha gari. Wawira ndiye aliendesha.

Ile coral kubwa niliikata yote, nikaitupa. Maji nikamwaga, nikanunua ndoo mpya dukani, makaa maalum ya kunyonya sumu, na nikaanza upya. Kilichokuwa bado na rangi ya waridi ni kipande kimoja tu, lile tawi alilovunja mama na kulipanda kando. Kirimi anasema ni kwa sababu kilitengana na shina kabla kuoza hakujakifikia. Sasa kina ncha tatu mpya, nyeupe nyeupe, kama punje za mchele.

Somo langu si refu. Nilikuwa na video, nilikuwa na kipimo cha kemia, nilikuwa na sababu, na bado nilikosea, kwa sababu mtu pekee ambaye sikumkagua ni mimi. Na vyombo vya shambani viacheni shambani, hata kama viko safi machoni.

Wale mna tank, semeni kama copper iliwahi kuwashika na mliitoa vipi kabisa kwa mchanga. Wale mna wakwe, semeni chochote, nimezoea.

Mama anarudi wiki ijayo kumalizia mazoezi ya goti. Nilikuwa nimeitoa ile simu kwa rafu nikaificha kwa droo. Wawira ameniambia niirudishe pale pale kando ya Biblia, na safari hii niwashe sauti.